Kionjo cha Dunia

Tarehe 1 Oktoba 1982, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kampuni ya Walt Disney ilifungua uwanja wa burudani ulioitwa EPCOT Center. Nusu ya uwanja huo ilihusu sayansi na mambo ya kesho. Nusu ya pili ilihusu mataifa. Palitengenezwa ziwa, na ukingoni mwake yakapangwa mabanda ya nchi 9: Meksiko, China, Ujerumani, Italia, Marekani yenyewe, Japani, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Moroko iliongezwa mwaka 1984 na Norwei mwaka 1988. Nchi zikatimia 11, na tangu hapo hazikuzidi. Mzunguko wa ziwa lote ni takriban kilomita 2, mwendo ambao mtu wa Mji Mkongwe angeuita matembezi ya jioni.

Majumba yenyewe hutazamika kwa muda mfupi. Kinachowashughulisha wengi ni kula. Tangu mwaka 1996 hufanyika hapo tamasha la vyakula na mvinyo vya mataifa, lililoanza likiwa la mwezi mmoja tu wa majira ya vuli na baadaye likarefuka hadi kupindukia miezi miwili. Vibanda husimamishwa kuzunguka ziwa, kila kimoja kwa jina la nchi au jimbo, na kila kimoja huuza matonge mawili matatu katika kisahani chepesi pamoja na kikombe kidogo cha kinywaji. Mgeni hupewa kijitabu kiitwacho pasipoti, aweke alama kila anapoonja. Pasipoti ya namna yake, kwani haijawahi kukataliwa mpakani. Wapo pia walioufanya mzunguko huo kuwa shindano la kunywa, kinywaji kimoja kila nchi mpaka 11 zitimie, na hata Moroko haikuachwa nje ya hesabu hiyo.

Kampuni haiwaiti watu hawa wateja. Huwaita wageni. Kwa Mswahili neno hilo halisimami peke yake: penye mgeni pana mwenyeji, na chakula ni cha mwenyeji kabla hakijawa cha mgeni. Yeye ndiye anayesema karibu, ndiye anayejua kilichomo chunguni, na sifa au lawama humrudia yeye. Basi anayetaka kuelewa visahani vya Florida hana budi kuuliza mwenyeji ni nani. Na jibu linahitaji kurudi nyuma karne moja na zaidi, kwani uwanja huu ni mtoto wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyoanza Ulaya.

Maonyesho ya kwanza kabisa, yale ya London ya mwaka 1851 katika jumba la vioo la Hyde Park, yalikusanya bidhaa za mataifa lakini hayakukusanya vyungu vyao. Ulevi haukuuzwa humo. Kampuni ya Schweppes ilipewa haki ya kuuza viburudisho, ikauza zaidi ya chupa milioni 1 za soda na limau, na walioona njaa walikula mikate ya Kiingereza. Dunia nzima ilikuwa mezani kama mali, na mlo ulikuwa wa nyumbani. Paris ndiyo iliyobadilisha mambo mwaka 1867. Katika uwanja wa Champ de Mars lilijengwa jumba la umbo la yai, na ukingo wake wa nje ukawekwa mikahawa na migahawa ya nchi mbalimbali, watumishi wakivaa mavazi ya kwao. Tangu hapo kuonja kukawa sehemu ya kutazama.

Lakini kulikuwa na kutazama kwa namna nyingine, na hapa historia hii inagusa pwani yetu. Mwaka 1896, katika bustani ya Treptow mjini Berlin, Wajerumani waliandaa maonyesho ya makoloni yao, ili raia wayapende makoloni hayo na wanunue bidhaa zake. Walipelekwa watu zaidi ya 100 kutoka Togo, Kameruni, Afrika ya Kusini Magharibi, Guinea Mpya na Afrika Mashariki, wakiwamo Waswahili na Wamasai, wakakaa miezi kadhaa ndani ya vijiji vya mfano. Kwa upande wa Afrika Mashariki ilijengwa nakala ya kwikuru ya mtemi Isike wa Unyanyembe, yaani boma lake la Tabora. Neno hilo hilo ndilo lililotupa ikulu katika Kiswahili. Boma la kweli lilivamiwa na majeshi ya Wajerumani mwezi Januari 1893, na Isike akailipua baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa. Haikupita miaka minne, ngome ile ile ikasimama Berlin ili watu walipe kiingilio na kupita ndani. Mbele yake wakaazi wa vijiji walipika, walikula na kulala huku wakitazamwa. Mgeni wa Treptow hakukaribishwa sahani. Alichokinunua ni haki ya kumtazama mtu akila.

St. Louis, Marekani, mwaka 1904, hali ilikuwa mbaya zaidi. Marekani ilikuwa imevitwaa visiwa vya Ufilipino kutoka kwa Hispania mwaka 1898, na katika maonyesho hayo ilileta Wafilipino zaidi ya 1,000. Waliovuta umati kuliko wote ni Waigorot wa milima ya Luzon, kwa sababu moja tu: kwao mbwa huchinjwa na kuliwa katika baadhi ya ibada. Mbwa wakaletwa, na jambo la ibada likageuzwa kuwa mchezo wa kila mara kwa ajili ya macho ya watu. Mlo wao ukatumika kuwa ushahidi kwamba hawakustahili kujitawala. Anayedhani chakula ni jambo dogo lisilobeba siasa na aukumbuke umati ule wa St. Louis.

Ni haki, hata hivyo, kusema kwamba maonyesho hayo yalizaa pia kitu cha heri. Wembley, London, mwaka 1924, Milki ya Uingereza ilijionyesha kwa ukamilifu wake, na Zanzibar iliwekwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika katika jumba jeupe lililojengwa kwa mtindo wa Kiarabu. Karafuu zilikuwa bidhaa ya kuangaliwa. Wahindi, kwa upande wao, walikuwa na mgahawa. Aliyeushughulikia alikuwa Edward Palmer, mtu mwenye asili ya Kiingereza na Kihindi, ambaye miaka miwili baadaye, mwaka 1926, alifungua mkahawa wa Veeraswamy karibu na Regent Street. Mkahawa huo uliwazoesha Waingereza mchuzi wa bizari kwa miongo mingi na ukaifikia miaka 90 mwaka 2016. Mfano wa pili ni Henri Soulé, msimamizi wa mgahawa wa Ufaransa katika maonyesho ya New York ya 1939. Vita vilipozuka Ulaya alibaki Marekani, na mwaka 1941 akafungua mjini New York mkahawa wake aliouita Le Pavillon, kwa ukumbusho wa lile banda. Watu hawa wawili walitoka nje ya uzio wa maonyesho na mapishi yao. Mteja alijua anakula kwa nani.

Maonyesho mengine ya New York, yale ya 1964 na 1965, ndiyo daraja la kwenda Florida. Walt Disney mwenyewe alitengeneza humo burudani nne, mojawapo ikiwa safari ya mashua kati ya vikaragosi vya watoto wa mataifa yote wakiimba wimbo mmoja. Hapo Wamarekani walijua kuipenda keki ya chuma ya Kibelgiji, yenye vishimo, iliyopakwa malai na stroberi. Familia ya Maurice Vermersch iliyokuwa ikiiuza ilikuwa ikiiita keki ya Brussels, kisha ikaona ni heri kuinadi kwa jina la nchi, maana wanunuzi wengi hawakujua Brussels iko wapi. Jambo hili linaonekana la kuchekesha, lakini ndiyo kanuni ya biashara yote ya kuonjesha: mji hupotea, nchi ikabaki, na nchi nayo isipojulikana hupotea, likabaki bara.

Bara la Afrika lilikuwapo New York mwaka ule. Nchi kadhaa, nyingi zikiwa na uhuru wa miaka minne mitano tu, zilichangia banda moja lililojengwa kama kijiji cha vibanda vya msonge juu ya nguzo. Babatunde Olatunji wa Nigeria alipiga ngoma. Palikuwa na wanyama hai, na palikuwa na mgahawa ulioitwa Nyumba ya Mtini, ambako mtu alikula chakula cha Kiafrika akiwa juu, na wanyama karibu naye. Msomaji na aukumbuke mgahawa huo, maana utarudi.

Walt Disney alifariki mwaka 1966. EPCOT aliyoiota yeye ulikuwa mji hasa, wenye wakaazi 20,000. Warithi wake walijenga uwanja wa maonyesho usiofungwa. Na hapo ndipo suala la mwenyeji linapojibiwa kwa namna tofauti kwa kila taifa. Banda la Ufaransa lilipata mkahawa wa wapishi watatu wakubwa, Paul Bocuse, Roger Vergé na Gaston Lenôtre. Japani iliwakilishwa na duka kongwe la Mitsukoshi, ambalo liliendesha migahawa yake lenyewe. Meksiko ilileta San Angel Inn, jina la mkahawa maarufu wa Mexico City na watu wake. Italia iliuza tambi kwa jina la Alfredo wa Roma hadi mwaka 2007. Moroko ilikuwa na kubwa zaidi: serikali ya Mfalme Hassan II ilishiriki moja kwa moja, na mafundi wakatumwa kutoka kwao kukata na kupanga vigae kwa mikono. Restaurant Marrakesh, ndani ya banda hilo, ilipakua kuskusi na tajini hadi mwaka 2020. Unaweza kuyacheka majumba ya plasta, lakini huwezi kusema chakula kile hakikuwa na mwenyewe.

Afrika iliyo kusini ya Sahara nayo ilikusudiwa. Iliitwa Afrika ya Ikweta. Usiku wa sherehe za ufunguzi mwaka 1982, Alex Haley, mwandishi wa Roots, alionekana katika televisheni pamoja na mwigizaji Danny Kaye akiueleza mpango wake: ngoma, hadithi, na nyumba ya mtini ambayo wageni wangeipanda wakaangalia wanyama wakinywa maji. Fedha za wafadhili hazikupatikana. Nchi changa ambazo miaka hiyo zilikuwa zikitafuta mafuta ya petroli na unga zisingeweza kugharimia banda Florida, na kampuni kubwa zilizogharimia mabanda ya wengine hazikuona faida yao katika hili. Kiwanja kikabaki, kati ya China na Ujerumani. Juu yake kuliwekwa kibanda cha vinyago, ngoma chache za kupigwa na wapita njia, na mahali pa kununua kinywaji baridi. Nchi 11 zilipata meko. Bara zima lilipata jokofu.

Miaka 16 baadaye, tarehe 22 Aprili 1998, kampuni hiyo ilifungua jirani na hapo uwanja mwingine, wa wanyama, na ndani yake ikajenga mji wa Kiafrika. Mji huo unaitwa Harambe. Wabunifu wakiongozwa na Joe Rohde walikuwa wameizuru Afrika Mashariki, na Lamu iliwaingia moyoni. Kuta za Harambe zimejengwa kuiga matumbawe na chokaa, milango imenakshiwa, boma limesimama upande mmoja, na paa za nyasi ziliezekwa na mafundi wa Kizulu waliotoka Afrika Kusini. Lamu na Unguja mwenye nyumba hukosa usingizi chokaa ikianza kubanduka. Huko mafundi walilipwa waibandue. Mabango ni ya Kiswahili. Penye sakafu na kuta pameandikwa Uhuru 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, ilhali jina la mji ni ule wito wa Wakenya, umepungukiwa irabu moja.

Hakuna mji mwingine wa Kiswahili duniani unaotembelewa na watu wengi namna hii, na hakuna ambao Kiswahili chake huliwa kuliko kusemwa. Pana Tamu Tamu, panapouzwa barafu laini ya nanasi. Pana Dawa Bar, jina lililotokana na kinywaji kikali cha asali na ndimu kilichopata umaarufu wake Nairobi. Pana Tusker House, jina ambalo Mkenya akilisikia huiwaza bia kabla ya tembo. Mwaka 2015 liliongezwa Soko la Harambe, madirisha manne yakitazama uwanja mmoja. Moja linaitwa Kitamu Grill. Jingine la vinywaji linaitwa Wanjohi, na hapa inafaa kutoa heshima panapostahiki, kwani jina hilo la Kikikuyu linahusiana na pombe na aliyelichagua alijua alichokifanya. Dirisha la mbavu za kuchoma limepewa jina la mpishi Mwanga. Bila shaka mtungaji alikusudia nuru. Visiwani, mwanga ni yule mtu anayetoka usiku kuwanga, na sijui mama gani wa Pemba angemruhusu mwanawe ale mbavu za mwanga.

Kichekesho hiki kina uzito wake. Upande ule wa ziwa, Ufaransa iliwakilishwa na Bocuse, mtu wa damu na nyama, mwenye mji wake, mwalimu wake na ukaidi wake. Upande huu, mpishi ametungwa. Mwanga hakuzaliwa, hakufunzwa na bibi yake kukuna nazi, na hawezi kukasirika mtu akitia tomato kupita kiasi. Vijana wa Kiafrika huajiriwa huko kwa mkataba ili wageni waonane na mtu wa Afrika, wengi wao wakitoka nchi za kusini kama Botswana na Afrika Kusini. Mtu wa Gaborone hufundishwa kusema jambo kwa Mmarekani, wote wawili wakiwa wageni katika lugha hiyo, na pengine kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeijua.

Si kila kitu huko ni cha kubeza. Katika hoteli ya uwanja huo, iliyofunguliwa mwaka 2001, mna mikahawa ya Boma na Jiko, majina mazuri yaliyowekwa mahali pake, na Jiko ilijijengea sifa kwa hifadhi yake ya mvinyo wa Afrika Kusini. Mwaka 2009 uliongezwa mkahawa wa tatu, Sanaa, ambao uliamua kupika Afrika kwa viungo vya Kihindi. Uamuzi huo una ukweli wa kihistoria ambao Soko la Harambe halina. Sinia yake ya mikate ndiyo inayopendwa kuliko vyote: naan, paratha, kulcha ya vitunguu na papadi, pamoja na vibakuli vya ukwaju, kotimiri, embe, jamu ya tende na tomato, achari ya thomu, pilipili nyekundu. Mtu wa pwani akikaa mbele ya sinia hiyo asingehitaji kueleweshwa. Angeuliza tu samaki yuko wapi, na kwa nini nazi imesahauliwa katika vibakuli. Hii ndiyo Bahari ya Hindi ya pepo za kaskazi na kusi, na mpishi wa Florida, kwa kusoma au kwa bahati, aliifikia. Ila mlaji haelekezwi baharini. Dirisha la Sanaa linatazama uwanda wa majani wenye twiga na pundamilia, ili ale akiwaangalia.

Basi ile nyumba ya mtini ya mwaka 1964 imerudi. Iliota tena katika mpango wa 1982, na 2009 ikapata vioo. Mfaransa wa EPCOT hupewa mtaa wa Paris nyuma ya sahani yake, Mmoroko hupewa mnara wa msikiti, Mmeksiko hupewa piramidi na soko la jioni. Mswahili, ambaye ana miji ya mawe yenye umri wa karne nyingi, hupewa pundamilia. Hata pale ambapo mji wake umeigwa kwa uangalifu, tundu la ufunguo na yote, njia kuu ya Harambe inaishia penye magari ya kwenda kutazama wanyama, na mlo ni kituo cha kupumzikia kabla ya twiga. Chakula kinachohitaji mnyama pembeni ili kiaminike kuwa cha kwetu hakijaaminiwa bado.

Wala visiwa havina haki ya kujifanya malaika. Forodhani, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, mwaka ule ule wa Sanaa, huwa na meza za jioni ambako mgeni huonja mshikaki, pweza, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na chapati iliyojazwa nyama na mayai ambayo mji mzima umekubali kuiita pizza ya Zanzibar. Jina hilo limebuniwa kwa ajili ya mtalii kama lilivyobuniwa la Mwanga. Tofauti ni ndogo, lakini ipo: nyuma ya meza pana mtu, na mtu huyo jirani zake wanamjua, kwamba urojo wake ni mzito au mwepesi, kwamba mama yake alikuwa akiuza katlesi mtaa gani. Mtalii hahitaji kuyajua hayo. Inatosha kwamba yapo, na kwamba mpishi akiharibu atasemwa kesho asubuhi barazani.

Tamasha la EPCOT limezoea kukumbuka Afrika kwa kibanda kimoja au viwili kati ya vingi, na vibanda hivyo hubadilika majina mwaka hadi mwaka: mara bara zima, mara nchi moja. Vinapoondolewa msimu ukiisha, kati ya China na Ujerumani hubaki mahali pa kununua soda.